Makala Iliyoishukuru Barabara

Shangazi yangu alinipigia simu asubuhi ya mvua, nikiwa bado ndani ya blanketi hapa Soweto, Mbeya, akaniambia kwamba mianzi yake imepigwa X.

"Nyumba ndiyo hupigwa X ya kubomolewa, shangazi," nilimwambia. "Ukuta. Mwanzi unapigwaje X?"

"Kwa brashi," akanijibu. "Njoo uone. Mmoja mmoja, kama watoto wanaochanjwa."

Shangazi anaishi Iringa, kando ya barabara ya vumbi inayopanda kuelekea Tosamaganga, na kichaka cha mianzi kilichokuwa mbele ya nyumba yake kilipandwa na marehemu mumewe. Kwa asiyejua mambo ya huko nieleze kidogo. Mwanzi ule si wa kujengea uzio tu. Mvua zinapoanza huchipua, na chipukizi likishapanda hukatwa ncha, likafungiwa chombo cha mwanzi kiitwacho mbeta, na utomvu ukadondokea humo taratibu hadi asubuhi. Huo ndio ulanzi. Ukiamka nao ni mtamu kama maji ya muwa, hata mtoto anapewa. Jioni umeshachacha, umeanza kubishana na anayeunywa. Shangazi alisomesha watoto kwa mianzi hiyo, na tangu awe mjane mianzi hiyohiyo ndiyo inayomletea watu nyumbani. Jumapili Wakatoliki wakitoka misa na Walutheri wakitoka ibada, ugomvi wote wa mababu wa kanisa huishia kwenye benchi lake, chini ya majani yanayonong'ona, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kikombe.

Sasa barabara ilikuwa inapanuliwa. Hakuna aliyeipinga, hata shangazi mwenyewe, ambaye kila masika huwaazima majembe madereva waliokwama mlangoni kwake. Tatizo lake lilikuwa dogo tu. Upande wa kushoto wa barabara palikuwa na mianzi yake. Upande wa kulia palikuwa na uwanja mtupu wa kijiji ambao wakazi wake wakuu ni mbuzi. Wapimaji wakatafakari kwa kina, wakaamua kuwahurumia mbuzi.

"Umewauliza hao wapimaji?" nikamwambia.

"Nimewauliza. Kijana mmoja wa kofia ya plastiki akaniambia, mama, kitaalamu mianzi ni majani. Majani hayalipwi wala hayasubiriwi."

"Ni kweli, shangazi, kitaalamu ni majani."

Nikajutia elimu yangu yote hapohapo.

"Wewe si unaandika?" akauliza.

"Naandika riwaya, shangazi."

"Basi hii iandike fupi. Weka gazetini. Wasome huko juu, waniachie mianzi yangu."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kuandika makala, kazi ambayo sisi watu wa riwaya huitazama kama fundi wa makabati anavyomtazama anayechonga mwiko. Nilidhani nitaimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Nikaanza na ukungu. Mtu aliyezaliwa Nyanda za Juu Kusini akishika kalamu bila kuanza na ukungu hujihisi hajavaa. Ukungu wangu ulishuka mlimani, ukabisha hodi kwenye madirisha, ukalamba mapaa ya bati, ukamkumbuka mama yake. Ulikuwa ukungu mzuri mno. Katika ukurasa wa pili jua lilijaribu kutoka likashindwa. Mianzi ilitokea ukurasa wa tatu, ikiwa "vidole vya ardhi vinavyoomba dua". Alama za X zilitokea ukurasa wa nne, nazo sikuziita X kwa sababu neno hilo lilikuwa kavu. Niliziita "misalaba ya damu inayolala chali". Shangazi hakutokea kabisa. Niliona kumtaja kungepunguza ukubwa wa jambo.

Jumamosi nikaipeleka kwenye kundi letu la fasihi. Tunakutana katika mgahawa mmoja wa hapahapa Soweto, watu saba au nane, kutegemea wiki hiyo nani amenuniana na nani. Tunaagiza chai moja moja na kukaa hadi mwenye mgahawa aanze kufagia chini ya miguu yetu. Nikasoma kwa sauti. Nilipomaliza, kukawa na ule ukimya ambao mwandishi kijana angeweza kuua ndugu zake ili aupate.

"Ukungu huu," akasema mshairi wetu, ambaye siku za kawaida anauza kabichi Mbalizi na Jumamosi hauzi chochote, "una huzuni ambayo haijawahi kuandikwa."

"Asante."

"Ile misalaba inayolala chali. Acha tu."

"Asante sana."

"Inahusu nini, kwani? Kifo?"

"Inahusu mianzi ya shangazi yangu. Inakaribia kukatwa, kwa ajili ya barabara."

"Aa," akasema, akanywa chai. "Mimi nimeipokea kama kifo. Usiibadilishe."

Sikuibadilisha. Nikaipeleka kwa mhariri wa gazeti letu dogo la mkoani, linalofika hadi Iringa, ambaye ofisi yake iko ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi la mzee mmoja wa Kihindi, kiasi kwamba ngazi nzima inanuka rangi na misumari. Mhariri alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye uchovu wa kudumu wa mtu ambaye kila siku anasoma watu wanaojua kuandika. Akaanza kusoma. Akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Dada, ukungu huu utaisha lini?"

"Unajenga hali."

"Hali imeshajengwa, mpaka paa. Shangazi uliyeniambia yuko ukurasa gani?"

"Hajatajwa, lakini anahisiwa."

"Mhandisi wa barabara hana muda wa kumhisi mtu," akasema. Akaweka karatasi mezani kwa heshima, kama mtu anayerudisha mtoto wa mwenzake. "Nisikilize. Nani kafanyiwa nini, anataka nini, na nani anaweza kumpa. Viweke juu. Juu kabisa. Unajua kwa nini?"

"Ili msomaji avutwe."

"Ili nisivikate. Nina nusu ukurasa. Tangazo la dawa ya kuku likija dakika ya mwisho, nusu inakuwa robo. Na mimi sikati kwa kusoma, dada, sina nafasi hiyo. Nakata kama fundi anayepunguza suruali. Fundi anakata chini. Hakati kiunoni."

Nikatoka pale nimekasirika kama inavyompasa mtu aliyeambiwa ukweli kabla ya chakula cha mchana. Lakini nilimwelewa. Ijumaa nikapanda basi la Iringa, nikaenda kuiandika upya mbele ya mianzi yenyewe. Nikaikuta imesimama katika mvua nyembamba, kila mmoja na X yake nyekundu kifuani, na mbeta zikidondokewa tu, tone baada ya tone, kana kwamba hakuna aliyeziarifu. Nikaandika makala ya ukurasa mmoja. Shangazi alikuwa sentensi ya kwanza. Ombi lilikuwa sentensi ya tatu. Ilikuwa kavu kama muhogo, na ingefanya kazi.

Kosa likaingia hapo. Kwetu, jambo la mtu mmoja halitoki nyumbani kwenda kwa wakubwa mpaka ukoo ulione. Shangazi asingekubali jina la nyumba yake liingie gazetini kabla kaka zake hawajasikiliza. Jumapili baada ya misa wakaja, wakakaa kwenye mabenchi, vikombe vikapita, na makala ikakabidhiwa baba mdogo.

Baba mdogo ndiye mdomo wa ukoo wetu. Katika harusi yeye hukabidhi binti, katika misiba yeye husoma wasifu, na hajawahi katika maisha yake kufungua kinywa mbele ya watu bila itifaki kuzingatiwa. Nimewahi kumsikia akiomba chumvi kwa kuwatambua kwanza waliokuwa mezani. Akavaa miwani, akasoma mstari wa kwanza, akaivua.

"Binti yangu," akasema kwa huzuni. "Salamu iko wapi?"

"Baba mdogo, ni makala. Haina salamu."

"Haina salamu." Akawageukia wengine. "Mnasikia? Unaingia nyumbani kwa watu, hujasema kamwene, hujauliza watoto wameamkaje, unaanza: nipeni ugali."

Watu wakacheka. Nikaeleza kuhusu nusu ukurasa. Nikaeleza kuhusu dawa ya kuku. Nikaeleza kuhusu fundi na suruali, kwa mikono na mifano, nikasimama hata nikaonyesha kwenye gauni langu mahali mkasi unapopita.

"Vizuri sana," akasema baba mdogo. "Anakata chini, hakati kiunoni. Sasa niambie wewe uliyesoma: suruali isiyo na kiuno inasimamaje? Shukrani ndiyo kiuno. Tukimshukuru mtu kwanza, hata ukimwomba koti lake atavua."

Nikamtazama shangazi, mwenye mianzi, nikitegemea aniokoe.

"Kaka anasema kweli," shangazi akasema. "Sitaki waseme mjane wa hapa hana adabu. Washukuru kwanza. Halafu uniombee."

Basi tukashukuru. Kila mtu alitia shukrani yake kama watu wanavyotia udongo kaburini. Tukamshukuru Mwenyezi Mungu kwa mvua. Tukaishukuru serikali yetu sikivu. Tukashukuru mkoa, na mtu akasema wilaya itajisikiaje, tukashukuru wilaya. Tukashukuru kata, tukashukuru kijiji, tukamshukuru paroko kwa sala, na Mlutheri mmoja aliyekuwa amekuja kwa ajili ya kikombe tu akauliza, "Na mchungaji wetu je?" tukamshukuru mchungaji. Tukamshukuru mkandarasi kwa mashine zake. Baba mdogo akasimulia historia ya barabara ile tangu enzi za babu walipokuwa wakipita kwa miguu na mizigo kichwani, akanifanya niandike yote. Kisha, karibu na chini, akatunga kwa sauti ya harusini:

"Mama huyu mjane, ambaye mianzi yake iko kandokando ya barabara, naye anaunga mkono maendeleo haya na yuko tayari kutoa ushirikiano wake wote. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Aya mpya. Hata hivyo."

Na baada ya "hata hivyo" ndipo lilipokuja ombi. Lilikuwa ombi zuri. Nakiri hata mimi sikuweza kulipamba zaidi. Nikatuma kwa simu palepale, na baba mdogo akaagiziwa kikombe kingine kwa kazi nzuri.

Gazeti lilitoka na kichwa cha habari kilichopigwa wino mzito: WANANCHI WASHUKURU UPANUZI WA BARABARA. Chini yake Mungu alishukuriwa, na serikali, na wote waliofuata kwa vyeo vyao, bila kukosekana hata mmoja. Babu walipita na mizigo kichwani. Mwisho kabisa, mama mjane ambaye mianzi yake iko kandokando ya barabara aliunga mkono maendeleo na alikuwa tayari kutoa ushirikiano wake wote. Hapo makala ikaisha. Mahali pa "hata hivyo" palikuwa na picha ya jogoo mwenye afya.

Nasikia pale kijijini ilikuwa sherehe. Baba mdogo alinunua nakala za kutosha kuezekea banda, moja akaifunika kwa plastiki ngumu ili isichakae, akaisomea watu kwenye benchi la shangazi mara mbili, mara ya pili kwa maombi maalumu. Hakuna aliyeona kwamba ombi halipo. Walikuwa wameshukuru sana, na watu walioshukuru hivyo hujihisi tayari wamepewa. Shangazi peke yake ndiye aliyeligeuza gazeti upande wa pili, akatazama, akaligeuza tena.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

"Si huyu hapa," akaambiwa. "Uko tayari kutoa ushirikiano wako wote."

Baada ya siku chache gari la mhandisi wa barabara likasimama mbele ya nyumba. Akashuka yeye mwenyewe, buti safi, tabasamu pana, gazeti mkononi. Yafuatayo shangazi alinisimulia kwa simu, na sijawahi kusikia mtu akisimulia kwa utulivu wa kutisha namna ile.

"Mama, tumeguswa," mhandisi akamwambia. "Kila tunakopita watu wanatutukana. Huyu anatuletea mkuki, yule anatuletea mwanasheria. Wewe unatushukuru gazetini. Nimelikata hili nimelibandika ofisini."

"Asante, baba," shangazi akasema, maana angesema nini.

"Na kwa kuwa umejitolea hivi, tumebadilisha ratiba. Tulipanga kuanzia kule juu mwa barabara, huku kwako tuje mvua zikiisha. Sasa tunaanzia hapa kwako. Jumatatu ya wiki ijayo."

Shangazi, kwa kuwa ni mtu wa adabu, alimkaribisha kikombe. Mhandisi akanywa, akasifu, akauliza kama ulanzi huu mtamu unatoka wapi. Shangazi akamwonyesha kwa kidole.

"Kwa hiyo makala yako imefanya kazi, mwanangu," akaniambia simuni. "Walikuwa waje mvua zikiisha. Sasa wanakuja Jumatatu. Mwambie baba yako mdogo mdomo wake ubarikiwe."

Hakulia. Aliniambia tu kwamba machipukizi ya mwaka huu ni mengi kuliko ya mwaka jana, na kwamba alikuwa hajui aendelee kuyakata ncha au ayaache. Nilikaa na simu mkononi, nje mvua ikinyesha juu ya bati, na kwa mara ya kwanza tangu nijue kuandika sikuwa na neno hata moja la kuuelezea ukungu.

Kesho yake nikapanda zile ngazi zinazonuka rangi. Mhariri alinipokea kama mgeni rasmi.

"Dada! Ile makala ilipendwa. Ofisi ya barabara walipiga simu kunishukuru. Tangu nianze kazi hii sijawahi kushukuriwa na ofisi yoyote. Niletee nyingine kama ile."

"Nimekuletea nyingine. Inapinga ile."

Tabasamu lake likashuka polepole. "Wiki iliyopita mlikuwa tayari kutoa ushirikiano wenu wote. Wiki hii mnalalamika? Wasomaji watasema gazeti hili halijui linataka nini."

"Ulikata ombi."

"Nilikata chini. Nilikuambia nitakata chini."

Basi nikamwambia mambo yalivyo. Nikamwambia kuhusu mbeta zinazodondokewa, na Jumatatu, na mhandisi aliyemaliza kikombe kisha akauliza kimetoka wapi. Aliposikia hilo akavua miwani akaipangusa kwa shati.

"Sitachapisha malalamiko," akasema. "Lakini swali naweza. Swali halipingani na chochote. Na liwe fupi kiasi kwamba nikitaka kukata nisione pa kushika."

Niliandikia kwenye ngazi, nikipishwa na watu waliobeba makopo ya rangi. Ikatoka hivi:

"Jumatatu mashine itang'oa mianzi ya mjane mmoja kando ya barabara ya kwenda Tosamaganga. Mianzi hiyo inagemwa sasa hivi, na ndiyo riziki yake. Yeye mwenyewe anaitaka barabara. Anauliza mambo mawili. Upande wa pili ni uwanja mtupu: kwa nini barabara isisogee huko? Na kama haiwezi kusogea, kwa nini isimsubiri mpaka mvua ziishe, apate kuhamisha mashina? Mhandisi wa barabara anaombwa ajibu."

Basi. Hakuna ukungu. Hakuna babu na mizigo yao. Nilipomsomea mshairi wa kabichi kwa simu, alishusha sauti kama mtu wa msibani.

"Hii umeandika wewe?"

"Mimi."

"Pole," akasema. "Ni kama ujumbe wa mtu aliyeishiwa salio."

Baba mdogo hakunipigia mimi. Alimpigia baba yangu, akamwambia kwamba binti yake amemwamrisha mhandisi wa serikali ajibu, kama anayemwamrisha mtoto, bila hata shikamoo, na kwamba yeye ataandika barua ya kuomba radhi kwa niaba ya ukoo. Nasikia barua hiyo bado inaandikwa. Itifaki yake peke yake imeshavuka ukurasa wa pili.

Lakini makala ile kavu ikafanya kitu ambacho ukungu wangu haukuwahi kufanya: iliingia midomoni mwa watu. Ilikuwa fupi, mtu aliweza kuibeba kichwani kutoka sokoni hadi nyumbani bila kumwagika. Na kwa kuwa ilimalizika kwa kumwomba mtu ajibu, watu wakataka kujua kama amejibu. Mhandisi alipokwenda kunywa chai, mama wa chai akamuuliza, "Umeshamjibu yule mjane?" Alipojaza mafuta, kijana wa pampu akamuuliza. Paroko, baada ya kumpa mkono mlangoni mwa kanisa, akamuuliza kwa upole wa kipadri ambao ni mbaya kuliko kofi. Wasingeweza kumuuliza "Je, umeshahisi misalaba inayolala chali?" Nalisema hili kwa uchungu mkubwa, kama mtu anayezipenda sentensi ndefu kuliko anavyopenda baadhi ya jamaa zake.

Nilikuwepo alipokuja. Ilikuwa Jumapili mchana, siku moja kabla ya mashine, na mabenchi yalikuwa yamejaa. Safari hii hakuwa na tabasamu wala gazeti.

"Mama, ungesema tu," akaanza.

"Nilisema," shangazi akajibu. "Nikaambiwa ni majani."

Mtu mmoja kwenye benchi akakohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Mhandisi akaangalia buti zake. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akajibu. Akatuvusha barabara hadi kwenye uwanja wa mbuzi, akatuonyesha kifuniko cha saruji kilichomezwa na nyasi. Chini ya uwanja ule linapita bomba kubwa la maji. Barabara haiwezi kulala juu yake. Wapimaji hawakuwahurumia mbuzi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeona haja ya kumweleza mwenye mianzi. Nilikuwa nimeshatunga kichwani makala ya tatu, kali, yenye mbuzi wengi, ikabidi niizike palepale.

"Kwa hiyo haisogei," shangazi akasema.

"Haisogei, mama. Mianzi itaondoka. Lakini kusubiri tunaweza. Tunarudi kwenye ratiba ya zamani, tunaanzia kule juu. Huku kwako, mpaka mvua ziishe."

Shangazi akatazama upande wa pili wa barabara, kwenye kichaka cha mumewe. Upepo ulikuwa ukiipitia mianzi yote kwa pamoja, ikainama ikainuka. Nilimwona akihesabu moyoni kitu ambacho mimi sikukijua. Kisha akasema, "Haya. Karibu kikombe," na mhandisi, naamini, hakukinywa kwa raha kama kile cha kwanza.

Wiki zile nilikaa Iringa. Mwanzi haupandwi kwa mbegu. Unachimba shina pamoja na kipande cha mzizi wake, unalipeleka penye shimo jipya, na unafanya hivyo mvua zikingali zinanyesha, ama sivyo linaoza au linakauka. Tulichimba nyuma ya nyumba, mimi na shangazi, na jioni nyingine pamoja na waliokuwa wamekuja kwa ajili ya benchi tu. Baba mdogo naye alikuja na jembe lake. Hakunisemesha, ila alikuwa akichimba shimo lililo jirani na langu, akilipanua zaidi ya langu. Mizizi ya mwanzi imefungamana chini kama vidole vya wagomvi. Mikono yangu ya kuandikia ilipasuka malengelenge, na shangazi akanifunga kitambaa bila kunipa pole yoyote.

Asubuhi aligema upande wa mbele, mchana tukang'oa, jioni tukapanda upande wa nyuma. Mvua zikapungua. Mashine ikaja siku ya jua kali, ikamaliza kichaka kile kabla hatujamaliza kunywa chai. Mianzi iliyobaki ilianguka kwa sauti ambayo nimejaribu kuiandika mara kadhaa na nimeshindwa, na kwa sasa nimeacha kujaribu.

Barabara sasa ni pana. Benchi limehamia nyuma ya nyumba, na watu wanakuja, ingawa ni wachache, kwa sababu kikombe hakuna. Wanakunywa chai na kulalamika kwamba ni chai. Mashina yaliyoshika ni machache kuliko tuliyopanda. Mengine yalioza, na shangazi aliyang'oa kimya kimya akayatupa. Yaliyoshika yana majani membamba, ya kijani kibichi, marefu kama kiganja, na hayatagemwa mpaka miaka ipite.

Niliporudi kumtembelea mara ya mwisho, alinipeleka kuyaona. Akasema inawezekana yatakapokuwa tayari yeye hatakuwa na nguvu za kuyagema, na hao watoto wake wa mjini hawajui. Akanipa kisu. Akasimama nyuma yangu, akashika mkono wangu, akaniambia mwanzi hukatwa mshazari, kwa pigo moja, usisite, ukisita unauumiza bure. Tukafanya hivyo mara nyingi, mkono wake juu ya mkono wangu, kisu kikipita hewani juu ya majani madogo, mahali ambapo ncha itakuwa.